Imegoma kugawanya: jinsi ya kuifuata sifuri hadi ilikotoka

Kikotoo kimeandika Math ERROR. Jedwali la kompyuta limejaa #DIV/0! kutoka juu hadi chini. Programu imezima katikati ya kazi. Au pengine hakuna kilicholalamika hata kidogo, hesabu imeteremka vizuri mstari kwa mstari, na mwishoni inakwambia kwamba 2 ni sawa na 1. Zote hizi ni dalili za ugonjwa mmoja: mahali fulani umegawanya kwa sifuri.

Nafundisha hesabu na fizikia, na jioni watu huniletea majedwali yao ya vikundi vya kuweka na kukopa. Kugawanya kwa sifuri humpata kila mtu, wala simlaumu yeyote. Kinachonisikitisha ni haraka ya kulifuta kosa. Mwanafunzi anabadilisha namba mpaka kikotoo kinyamaze, mhazini anaficha seli, mtunga programu anaweka 0 mahali pa jibu kisha anaendelea na safari. Shuleni tulifundishwa kwamba kwenye sehemu, namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Basi kazi yako hapa ni kutafuta asili ya hiyo asili: sifuri iliyokaa chini imezaliwa wapi? Ukishaijua ilikotoka utajua na dawa yake, kwa maana dawa hazifanani.

Kabla ya yote, tazama juu

Kugawanya ni kuzidisha kulikorudishwa nyuma. Tunasema 12 gawanya kwa 3 ni 4 kwa sababu 4 mara 3 ni 12. Sasa 12 gawanya kwa 0 inauliza: namba gani mara 0 italeta 12? Haipo, kwani kila namba ukiizidisha kwa 0 unapata 0. Lakini 0 gawanya kwa 0 inauliza jambo jingine: namba gani mara 0 italeta 0? 5 inafaa. 800 inafaa. Hasi 3 nayo inafaa. Kwa hiyo kuna magonjwa mawili yenye sura moja: la kwanza halina jibu hata moja, la pili lina majibu mengi mno hata huwezi kuchagua.

Twende dukani tulione. Jumatatu umenunua kilo 2 za sukari na kilo 1 ya mchele, ukalipa shilingi 9,000. Jumanne umenunua kilo 4 za sukari na kilo 2 za mchele, ukalipa 18,000. Kwenye risiti kuna jumla tu, na wewe unataka bei ya kilo moja ya sukari. Ukiutoa mchele katika milinganyo hiyo miwili, bei ya sukari inakuwa (9,000 × 2 − 18,000 × 1) gawanya kwa (2 × 2 − 4 × 1), yaani 0 gawanya kwa 0. Sukari inaweza kuwa 3,000 na mchele 3,000. Inaweza kuwa 2,500 na mchele 4,000. Manunuzi ya Jumanne ni yale yale ya Jumatatu mara mbili, kwa hiyo hayakukupa habari mpya. Hesabu imekuambia kweli tupu: mkononi una risiti mbili, lakini taarifa uliyo nayo ni moja.

Badilisha kitu kimoja tu. Jumanne umelipa 17,000. Chini bado ni 0 ile ile, lakini juu sasa kuna 1,000. Hakuna bei yoyote ya sukari inayokubaliana na risiti zote mbili. Ama bei ilishuka usiku, ama ulipunguziwa, ama mmoja wenu alikosea kujumlisha. Katika hali ya kwanza dawa ni kutafuta risiti ya tatu yenye mchanganyiko tofauti. Katika hali ya pili, risiti hata mia hazitakusaidia mpaka kwanza ujue ipi imekosewa. Ndiyo maana mimi huanza na kiasi kabla ya asili.

Dalili: kikotoo kinaandika Math ERROR

Mara nyingi ni jambo dogo. Umetoa namba mbili zinazolingana ndani ya mabano ya chini, au mabano yenyewe umeyasahau. Andika ile asili peke yake, bonyeza alama ya sawasawa, uone kama inatoa 0. Kipimo hiki kimoja hunitosha kwa kazi nyingi za darasani.

Kisa kinachowasumbua zaidi wanafunzi ni tanjenti ya nyuzi 90. Simamisha fimbo ya mita 1 uwanjani, Dar es Salaam, mahali palipo tambarare. Urefu wa fimbo gawanya kwa urefu wa kivuli ni tanjenti ya pembe ya jua kutoka upeo wa macho. Jua likiwa nyuzi 45, kivuli ni mita 1 na tanjenti ni 1. Kivuli kikifupika hadi sentimita 10, tanjenti ni 10. Kikifika sentimita 1, tanjenti ni 100. Sasa, Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na hivyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana hupita utosini na kivuli cha fimbo hujificha chini ya fimbo yenyewe. Urefu wa kivuli ni 0. Jua lipo, fimbo ipo, pembe inajulikana, na hakuna kilichoharibika duniani. Kilichokosekana ni kivuli cha kugawanyia.

Ukiona hivyo, geuza sehemu: kivuli gawanya kwa fimbo, yaani 0 gawanya kwa 1, ni 0 bila ugomvi wowote, na pembe utaipata kwa njia hiyo. Sifuri ilitokana na namna ulivyochagua kuuliza swali.

Dalili: hakuna kilicholalamika, lakini jibu ni uongo

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Chukua a = b. Zidisha pande zote kwa a, upate a² = ab. Toa b² pande zote: a² − b² = ab − b². Toa vigawo: (a − b)(a + b) = b(a − b). Kata (a − b) pande zote: a + b = b. Kwa kuwa a na b ni sawa, 2b = b, na kwa hiyo 2 = 1.

Usiitazame kwa macho tu, ipime kama fundi anavyopima nyaya, kituo kwa kituo. Weka 3 mahali pa a na mahali pa b. Mstari wa kwanza unasema 3 = 3. Wa pili, 9 = 9. Wa tatu, 0 = 0. Wa nne, 0 × 6 = 3 × 0, ambayo bado ni kweli. Wa tano unasema 6 = 3. Umeme umekatika kati ya mstari wa nne na wa tano, pale tulipo"kata" (a − b), yaani 3 − 3. Neno lenyewe "kukata" limemsaidia mkosaji kujificha, maana halisikiki kama kugawanya. Mimi nimeliacha darasani. Nasema "tunagawanya pande zote kwa a − b", na mara moja kuna mtoto atauliza: je, ikiwa ni sifuri?

Ugonjwa huu una mdogo wake mpole, ambaye hakupi uongo ila anakuibia jibu moja. Mpira umerushwa juu kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, na tukichukua mchapuko wa uvutano kuwa 10, kimo chake ni 20t − 5t². Uko usawa wa mkono lini? Mwanafunzi anaandika 20t = 5t², anagawanya pande zote kwa t, anapata t = 4. Ni kweli mpira unarudi baada ya sekunde 4. Lakini ulikuwa mkononi pia sekunde ya 0, wakati unaondoka, na jibu hilo limefutika kwa sababu ndilo hasa lililokuwa sifuri aliyogawanyia. Kuliponya ni rahisi: peleka vyote upande mmoja, t(20 − 5t) = 0, na majibu yote mawili yatajitokeza. Ukilazimika kugawanya kwa herufi, andika pembeni "ikiwa t si 0", kisha rudi uijaribu 0 peke yake.

Dalili: mmoja anasema jibu ni sifuri, mwingine anasema halina mwisho

Ubishi huu ni wa zamani sana, na waliobishana walikuwa vichwa. Mwaka 628 mwanahesabu Brahmagupta wa India aliandika kanuni za kuhesabu na sifuri kama namba halali, akasema 0 gawanya kwa 0 ni 0. Katika karne ya 12 Bhaskara, naye wa India, akasema namba iliyogawanywa kwa 0 ni kiasi kisicho na mwisho. Bila kazi ya Wahindi, ikapokelewa na Waarabu walioiita sifr, yaani tupu, hata neno letu "sifuri" tusingekuwa nalo. Kwa hiyo tuwapime kwa heshima, lakini tuwapime.

Ukikubali na Brahmagupta kwamba 0 gawanya kwa 0 ni 0, rudi kwenye risiti zetu za Jumatatu na Jumanne: sukari imekuwa ya bure. Hakuna aliyesema hivyo.

Ukikubali na Bhaskara, anza kushuka taratibu. 1 gawanya kwa 0.1 ni 10. Gawanya kwa 0.001 ni 1,000. Gawanya kwa 0.000001 ni milioni moja. Inaonekana kweli tunapaa kwenda kusiko na mwisho. Lakini isogelee sifuri ukitokea upande wa pili: 1 gawanya kwa hasi 0.001 ni hasi 1,000, kisha hasi milioni, na unazidi kuzama. Sifuri ni moja, unapoifikia kutoka kulia unaambiwa panda, kutoka kushoto unaambiwa shuka. Jibu moja halitatoka hapo.

Zamani kulikuwa na mashine za hesabu zenye gia, zilizogawanya kwa kutoa tena na tena. 12 gawanya kwa 3: toa 3, toa 3, toa 3, toa 3, imeisha, jibu ni 4. Ukiipa 12 gawanya kwa 0, inatoa 0 inabaki na 12, inatoa 0 inabaki na 12, na gia zinazunguka kwa kelele mpaka mtu aizime. Mashine ile haikuwa imepata jibu liitwalo "bila mwisho". Ilikuwa haijamaliza hata hatua moja ya kazi.

Wapo wanahesabu wanaoruhusu 1 gawanya kwa 0, kwenye kile kinachoitwa tufe la Riemann, ambako njia ya juu na njia ya chini zimeunganishwa zikutane katika nukta moja. Ni kazi halali na ina matumizi yake. Ila hata huko 0 gawanya kwa 0 inabaki bila maana, na sheria kadhaa za kujumlisha na kutoa tulizozizoea zinaachwa mlangoni.

Dalili: jedwali limejaa #DIV/0!

Mama mmoja, mhazini wa kikundi, alinipigia simu. "Mwalimu, lile jedwali lako limekasirika. Safu nzima ni alama za reli tu." Safu yenyewe ilikuwa ya asilimia ya urejeshaji: kiasi alichorejesha mwanachama gawanya kwa kiasi alichokopa. Wanachama walikuwa 20. Waliokopa walikuwa 12, nane hawakuwahi kuomba hata shilingi. Mbele ya majina ya hao nane ndipo reli zilipojaa.

Kabla sijafika, kijana wa jirani alishamsaidia kwa fomula ya IFERROR inayoandika 0 kila panapotokea kosa. Jedwali likawa safi, na mama akafurahi. Mwisho wa mwezi ukasomwa wastani wa urejeshaji: asilimia 54. Kikao kikachafuka, watu wakaanza kutazamana. Ukweli ni kwamba kila aliyekopa alikuwa amerejesha asilimia 90. Lakini 90 mara 12, gawanya kwa 20, ni 54. Watu wanane ambao hawakudaiwa kitu walikuwa wamehesabiwa kama wadaiwa sugu. Nilikaa na yule mama tukalisahihisha jedwali mbele ya wanachama, seli kwa seli, kwa sababu jambo lililochafuliwa hadharani husafishwa hadharani.

Kwa hiyo ukiona reli, uliza kila moja ilikotoka. Ikiwa mtu kweli hakukopa, asilimia yake haipo, na seli iachwe tupu: =IF(C2=0,"",D2/C2). Wastani huziruka seli za namna hiyo. Ikiwa kiasi cha mkopo kipo kwenye daftari ila hakijaingizwa, jedwali linaihesabu seli tupu kama 0, na hapo unachohitaji ni kuleta daftari. Ikiwa fomula imenakiliwa chini ikaanza kutazama seli isiyo yake, funga rejeo kwa alama ya dola. Na ikiwa ni AVERAGE, fomula ya wastani, yenyewe inayotoa #DIV/0! wakati unaona kabisa namba zimejaa, yaelekea ulizibandika kutoka kwingine zikaingia kama maandishi, kwa hiyo kwa kompyuta hakuna hata namba moja ya kupigia wastani.

IFERROR sipendi kuiona kwenye jedwali la fedha za watu. Inafunika #DIV/0! na inafunika pia makosa mengine yote yatakayokuja baadaye. Kama unataka kipimo cha kikundi kizima, jumlisha marejesho yote, gawanya kwa jumla ya mikopo yote. Hapo sifuri za wasiokopa hazimdhuru mtu.

Dalili: programu inazima kwenye kompyuta, lakini kwenye simu inaendelea

Inategemea kichakataji, yaani chipu inayofanya hesabu. Vya aina ya Intel, vikiambiwa vigawanye namba kamili kwa 0, hupiga kengele na programu husimamishwa. Vya familia ya ARM vya biti 64, vilivyomo kwenye simu nyingi, hurudisha 0 na kuendelea kimyakimya. Kwa hiyo programu ile ile ya lugha ya C inaweza kufa hapa na kudanganya kule. Kati ya hizo mbili, mimi nachagua ile inayokufa.

Namba za desimali zina kanuni yake, kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985. Humo 1 gawanya kwa 0 hutoa alama ya Infinity, na 0 gawanya kwa 0 hutoa NaN, kitu ambacho si namba. Ndiyo yale magonjwa mawili tuliyoyaona kwenye risiti, yamepewa majina. JavaScript hufuata hivyo. Python hukataa na kutupa ZeroDivisionError. NaN ikishaingia huambukiza kila hesabu inayoigusa, na ina tabia ya kutolingana hata na nafsi yake. Ukitaka kujua ilianzia wapi, chapisha thamani hatua kwa hatua kurudi nyuma mpaka mahali pa mwisho palipokuwa na namba ya kawaida.

Kuna dalili nyingine inayofichika: hakuna kosa, ila jibu ni kubwa kupita akili. Ndani ya kompyuta 0.1 + 0.2 − 0.3 haitoki 0 kamili, kwa kuwa desimali hizo haziandikiki kikamilifu kwa tarakimu za jozi, yaani 0 na 1 tu. Hubaki kivumbi kidogo sana. Gawanya 1 kwa kivumbi hicho utapata 18,014,398,509,481,984. Sharti lako la "kama ni 0 usigawanye" halikusaidia, kwani kwa kompyuta haikuwa 0. Pima kama namba ni ndogo kuliko kiwango ulichokubali.

Na kama unadhani haya ni ya darasani tu, tarehe 21 Septemba 1997 meli ya kivita ya Marekani, USS Yorktown, ilisimama baharini karibu na pwani ya Virginia. Mtu alikuwa ameingiza 0 kwenye sehemu ya taarifa, programu ikaigawanyia, hitilafu ikasambaa kwenye mtandao wa kompyuta za meli, na mfumo wa kuiendesha ukazima. Ilikaa hivyo kwa karibu saa tatu. Sifuri ile ilipaswa kuulizwa mlangoni, wakati inaingizwa, kabla haijafika karibu na injini.

Dalili: unapata 0 juu ya 0 unapotafuta kasi ya papo hapo

Daladala imekwenda umbali gani katika sekunde 0? Mita 0. Kasi yake basi ni 0 gawanya kwa 0, na hilo halisemi kitu. Dawa yake ni kusogea bila kugusa. Chukua (x² − 9) gawanya kwa (x − 3). Ukiweka 3, unapata 0 juu ya 0. Weka 3.1, unapata 6.1. Weka 3.01, unapata 6.01. Weka 2.99, unapata 5.99. Kutoka pande zote mbili unaelekea 6, na hiyo 6 ndiyo kikomo. Mwaka 1734 askofu George Berkeley aliwashutumu wanahesabu kwamba wanachukua kitu kidogo, wanagawanya kwacho kana kwamba si sifuri, kisha wanakitupa kana kwamba ni sifuri. Alikuwa na haki. Ilibidi kusubiri mwanahesabu Augustin-Louis Cauchy mwaka 1821 ili neno kikomo lipewe msingi imara. Na bado, kwenye 3 kamili, ile sehemu yenyewe haina thamani, hata kama kikomo chake kipo.

Dalili: fomula ya fizikia inatoa nguvu isiyo na mwisho

Hapa ndipo kufuata sifuri kunapolipa zaidi, kwa kuwa fomula ya fizikia ni maelezo ya kitu kilichopo, na kitu kilichopo hakijali alama tulizoandika.

Mwanafunzi ataniuliza: nguvu ya uvutano hupungua kwa mraba wa umbali, GMm gawanya kwa r², ambapo G ni namba isiyobadilika, M ni tungamo la Dunia, m ni langu, na r ni umbali kutoka kitovuni. Nikichimba hadi kitovu cha Dunia, r ni 0. Je, nitavutwa kwa nguvu isiyo na mwisho? Jaribu hata kabla ya kufika: ukiweka r kuwa mita 1, fomula inakupa mchapuko wa karibu mita trilioni 400 kwa sekunde ya mraba, wakati juu ya ardhi ni 9.8. Kosa liko kwenye dhana. Fomula hiyo inaichukulia Dunia kama nukta, na hilo ni sahihi ukiwa nje yake, kilomita 6,371 au zaidi kutoka kitovuni. Ukiingia ndani, sehemu ya Dunia iliyobaki juu yako haikuvuti tena kwa jumla yake, na ukifika kitovuni pande zote zinakuvuta sawasawa. Uzito wako pale ni 0. Fomula ilisema nguvu isiyo na mwisho, kitu chenyewe kinasema hakuna nguvu.

Betri ya volti 12 ya sola nayo ina somo lake. Mkondo ni volti gawanya kwa ukinzani. Spana ikiangukia nguzo zote mbili, ukinzani wa nje ni kama 0, na mwanafunzi anaandika mkondo usio na mwisho. Alichosahau ni ukinzani ulio ndani ya betri yenyewe. Tuseme ni omu 0.01. Basi mkondo ni ampea 1,200. Ni namba ya kawaida kabisa, na inatosha kuifanya spana iwe nyekundu na kumuunguza aliyeishika, kwa hiyo usiijaribu. Sifuri ilitokea kwa sababu tuliacha kiasi kidogo tukidhani hakina maana. Bembea inayosukumwa sawa na mdundo wake ina ugonjwa huo huo: ukisahau msuguano, fomula inakwambia itapaa bila mwisho.

Lakini usikimbilie kutengeneza kila mara. Chukua lenzi yenye urefu wa fokasi sentimita 10, uweke taa ndogo sentimita 10 kutoka kwake. 1/v ni 1/10 ya fokasi toa 1/10 ya umbali wa taa, yaani 0, na v, umbali wa taswira, haina thamani. Weka karatasi nyeupe popote upande wa pili: taswira huipati. Miale inatoka sambamba, haikutani mahali popote, na ndivyo hasa mwanga wa tochi nzuri unavyofanya. Fomula imesema kweli, na hakuna cha kurekebisha.

Jozi ya mwisho ya sifuri ndiyo ngumu zaidi, na naanza na ramani. Karibu na ikweta, ukitembea kilomita 111 kwenda mashariki unavuka digrii 1 ya longitudo. Kadiri unavyokwenda kaskazini digrii hizo zinabanana, na hesabu ya digrii kwa kilomita inagawanywa kwa kosaini ya latitudo. Kwenye Ncha ya Kaskazini kosaini hiyo ni 0. Mtu aliyesimama pale hasikii kitu. Barafu ni barafu. Kilichoshindwa ni mistari ya ramani, ambayo yote imekutana miguuni pake. Chora ramani nyingine na sifuri inaondoka.

Sasa mwaka 1916 Karl Schwarzschild, Mjerumani aliyekuwa jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha suluhisho kamili la kwanza la milinganyo ya uvutano ya Albert Einstein. Ndani yake kuna kugawanya kwa sifuri mara mbili: mara moja kwenye umbali wa 2GM gawanya kwa c² (c ni kasi ya mwanga), ambao kwa tungamo kama la Jua ni kama kilomita 3 na kwa Dunia ni milimita 9 hivi, na mara nyingine kwenye r = 0. Kwa miaka mingi sehemu ya kwanza iliwatisha watu. Mwaka 1933 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alionyesha kwamba ni ugonjwa wa ramani, kama ule wa Ncha ya Kaskazini. Ukibadilisha namna ya kuandika nafasi na wakati, unavuka mpaka huo bila namba yoyote kulipuka, ingawa hutaweza kurudi.

Sifuri ya pili, ile ya r = 0 ndani kabisa ya shimo jeusi (tungamo lililosongamana ndani ya mpaka ule), imejaribiwa kwa ramani za kila namna na haiondoki, kwa sababu kinacholipuka ni mpindo wenyewe wa nafasi na wakati, na mpindo haubadiliki kwa kubadilisha ramani. Wanafizikia wengi wanahisi asili yake ni kama ya Dunia iliyogeuzwa nukta: nadharia imepelekwa mahali ambapo imeacha kitu fulani nje, na kitu hicho kina uhusiano na fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu. Nadharia kamili inayoziunganisha mbili hizo haijapatikana. Hitilafu hiyo ingali wazi.